Kisanduku Nyuma ya Zizi

Korongo Jekundu, 14 Oktoba 1999

Mdogo wangu Jamsran,

Je, mifugo yako imenona vuli hii? Najua huna mfugo wowote zaidi ya paka wa mkeo, lakini barua ya vuli huanza hivyo, na mimi sijasoma kiasi cha kusahau salamu.

Jumapili nilikusikia redioni. Mkwe wangu Zorig alimnyamazisha kila mtu hemani, hata mtoto, utadhani anahutubia rais. Ukatangaza kwamba majira ya baridi katika ukanda wa kusini wa jangwa yatakuwa ya wastani, theluji kidogo, na baridi haitazidi nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Hiyo "chini ya sifuri" ilinichekesha. Huku kwetu tunasema ishirini na sita tu, basi. Nani katika Januari atadhani unamaanisha joto?

Sasa nikueleze mambo usiyoyaona ukiwa dirishani kwako. Panya wa mawe wamerundika nyasi mlangoni kwa mashimo yao hadi usawa wa goti langu, na juu yake wameweka vijiwe ili upepo usizipeperushe. Mara ya mwisho kuona rundo kama hilo, baba yetu alikuwa hai. Ngamia wangu wawili wameota manyoya mpaka kwenye kope. Hao hawana redio, maskini, kwa hiyo hawajui kama mwaka huu ni wa wastani.

Shida yangu ni hii. Kiangazi chote tumepata mvua mbili, na majani ya korongoni yamekaribia kwisha. Mimi nasema tuchinje na kuuza nusu ya kundi, na nusu ibaki hapa korongoni ndani ya zizi la mawe, yale machache yaliyopo yaitoshe. Zorig anataka kuwachukua wote mia tatu, wangu na wake, pamoja na binti yangu Sarnai na mjukuu wangu Nomin, wakakae baridi yote Uwanda wa Zag. Anasema kule majani yamejaa. Yamejaa kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kupitisha baridi kule. Hakuna hata jiwe la kuegemeza mgongo. Lakini Zorig alikuwa fundi wa mashine mjini mpaka karakana ilipofungwa. Ana miaka sita tu ya kufuga, na anaamini kondoo ni mashine yenye sufi.

Mimi hanisikilizi. Wewe anakusikiliza, unavaa tai shingoni. Mwandikie maneno mawili: asiende.

Dada yako,
Khandmaa


Mji wa Jimbo, 29 Oktoba 1999

Dada Khandmaa,

Barua yako niliwasomea wenzangu ofisini. Walicheka, hasa pale pa panya wanaoweka vijiwe. Mmoja akapendekeza tuwaajiri. Usikasirike, lakini tuko mwisho wa karne, na dada wa mhandisi mkuu wa utabiri bado anauliza habari za hali ya hewa kwenye mashimo.

Utabiri, dada yangu, hautoki tumboni. Unatoka kwenye namba. Na namba za ukanda wenu ni za nani? Ni zako wewe. Mwaka 1977 nilikuletea kile kisanduku cheupe chenye kipimajoto, nikakufundisha kukisoma asubuhi na jioni na kujaza fomu. Miaka ishirini na mbili hujakosa hata siku moja. Nimezipitia fomu zako zote. Baridi kali kuliko zote uliyowahi kuiandika kwa mkono wako ni nyuzi 24. Mimi nimeongeza mbili za tahadhari. Sasa unaniomba nisiuamini mkono wako mwenyewe, nimwamini panya.

Kama ningefuata namba za yule mzee Dugar wa kisima cha Bulag, kule kule Zag, ningetangaza kiama kila mwaka. Unamkumbuka? Mlevi yule. Siku ambayo wewe umeandika 23, yeye, kilomita themanini tu kutoka kwako, anaandika 35. Nilimwonya mara tatu, naye akajibu kwamba hapunguzi wala haongezi. Mwaka 1991 nikamfuta kazi, nikachukua kipimajoto cha serikali, na vitabu vyake nikavitupa chini ya kabati. Tangu hapo kusini tuna kituo kimoja tu kinachoaminika, nacho ni wewe.

Zorig nimeshamwandikia. Nimemwambia aende.

Jamsran
Mhandisi Mkuu wa Utabiri


Uwanda wa Zag, 18 Novemba 1999

Shikamoo Mjomba Jamsran,

Tumehamia salama. Majani yako mpaka kwenye magoti ya kondoo, na mbuzi wanakula kama wamealikwa harusini. Nakushukuru kwa barua yako. Naitembeza mfukoni, maana huku kila mtu ni mtaalamu.

Mama mkwe amegoma kuja. Amebaki korongoni na ngamia wake wawili na kisanduku chako, eti fomu haiwezi kujijaza. Alitunyunyizia maziwa nyuma kama ilivyo desturi ya kuaga wasafiri, lakini alinyunyiza kama anayefukuza mbwa. Sarnai alilia njia nzima. Nilimwambia mama yake anasoma panya, mjomba wake anasoma namba, achague.

Jana alikuja mzee mmoja kutoka kisimani, mwendo wa saa mbili kwa ngamia. Jina lake Dugar. Ananuka ugoro na pombe ya maziwa. Alizunguka hema letu mara moja, akaniambia hapa nisikae, nihamie kwake kisimani ambako kuna kilima cha kukinga, na theluji ikianza nisisubiri. Nikamsomea barua yako yote kwa sauti. Akaniuliza imesainiwa na nani. Nilipomtajia jina alimaliza chai yake, akaweka bakuli chini taratibu, akaondoka. Watu wengine bwana, ukiwapa ukweli wananuna.

Mkweo,
Zorig


Korongo Jekundu, 26 Desemba 1999
siku ya tano ya tisa ya kwanza

Jamsran,

Je, baridi unaipitisha salama? Mimi naipitisha nikiwa na hasira, na hasira inasaidia, inapasha joto.

Naona nikukumbushe hesabu uliyofundishwa na mama kabla hujafundishwa na Warusi. Tangu tarehe ishirini na mbili tumeanza kuhesabu tisa tisa, siku tisa mara tisa, mpaka baridi iishe. Tisa ya kwanza inatakiwa kuwa ya mzaha. Pombe ya maziwa ndiyo huganda, basi. Ya tatu ndiyo ya pembe za ng'ombe kupasuka. Sasa chukua fomu niliyoambatanisha uisome kwa ile sauti yako ya redioni. Tarehe ishirini, ishirini na saba. Tarehe ishirini na tatu, ishirini na tisa. Leo alfajiri, thelathini na moja. Na ndiyo kwanza tisa ya kwanza.

Theluji ilishuka siku mbili na upepo ukaigandisha juu ikawa kama sahani. Lori la posta limechukua siku tano kufika badala ya mbili. Kwa binti yangu hakuna lori linalokwenda. Kitu pekee kinachofika Zag ni sauti yako. Kwa hiyo panda redioni, useme umekosea, na wote walioko uwandani wahamie kwenye kinga kabla theluji haijafunga njia. Dakika moja tu itatosha. Najua neno "nimekosea" litakukwama kooni, kunywa maji ulimeze.

Khandmaa


Mji wa Jimbo, 3 Januari 2000
Kumb. Na. 4

Kwa mpimaji wa Korongo Jekundu,

Fomu yako ya Desemba imerudishwa kwa marekebisho.

Tangu kituo chako kianzishwe hakijawahi kuvuka nyuzi 24. Kuruka ghafla hadi 31, bila sababu yoyote kubadilika kituoni, hakukubaliki kitaalamu. Hapa mjini baridi ni kali kweli, lakini sisi tuko ng'ambo ya milima, na kusini kuna tabia yake ambayo wewe mwenyewe umetuthibitishia kwa miaka ishirini na mbili. Kwa sasa nimejaza wastani wa miaka iliyopita mahali pa namba zako.

Hayo ni ya ofisi. Sasa nakuandikia kama ndugu. Dada, ama macho yako yamezeeka, ama hofu ya Sarnai ndiyo inayoshika kalamu. Umeshindwa kumzuia mkweo kwa panya, sasa unataka kumrudisha kwa kipimajoto cha serikali. Hilo Dugar alilifanya kabla yako, naye nilimfuta. Usinifikishe huko. Redioni sipandi. Nunua miwani.

Jamsran
Mhandisi Mkuu wa Utabiri


Korongo Jekundu, 12 Januari 2000
siku ya nne ya tisa ya tatu

Jamsran,

Leo ni thelathini na nne. Macho yangu yanatia uzi kwenye sindano. Miwani kaa nayo wewe.

Umesema kituoni hakuna kilichobadilika. Maneno hayo yaliniudhi mpaka nikaenda kusimama mbele ya kisanduku chako, nitafute cha kukujibu. Nikakipata, na sasa natamani nisingekitafuta.

Kisanduku kipo palepale kilipo kila majira ya baridi: nyuma ya zizi, kwenye ukuta wa mawe, upande usiopigwa na upepo. Ulipokileta uliniambia nikitunze kama jicho langu. Nikakitunza. Kila Novemba tukihamia korongoni nakifunga juu ya ngamia pamoja na picha za baba na mama, nafika hapa nakitundika mahali salama kuliko pote nilipo napo, maana kule wazi upepo ungekipasua wiki ya kwanza. Ungelijua hilo kama ungewahi kuja kuniamkia Mwezi Mweupe hata mara moja, kama wadogo wengine wanavyowaendea dada zao mwaka mpya. Wewe unatuma kadi. Unakuja Julai, unakunywa maziwa yangu ya ngamia, unakikuta kisanduku kwenye mlingoti mbele ya hema, unakipigapiga kwa kidole na kusema vizuri sana.

Kilichobadilika ni kondoo. Miaka yote, wale mia tatu walilala wameuegemea ukuta ule kwa ndani. Nikipita kwa nje nilikuwa naweka viganja vyangu juu ya mawe yale nijipashe moto. Leo nimeyagusa, ngozi ya kidole changu imebaki juu ya jiwe. Unaelewa, mhandisi? Miaka ishirini na mbili umekuwa ukipima pumzi za kondoo wangu na kuwatangazia watu kwamba ndiyo hali ya hewa.

Na mimi nilikupa. Uliniuliza baridi ya nyumbani kwangu, nikakuandikia baridi ya nyumbani kwangu. Nani angedhani mtu anataka kujua baridi ya mahali asipoishi mtu wala mnyama? Ni ujinga wangu, nimekubali. Lakini mimi ni mchunga mbuzi. Wewe ulipelekwa Irkutsk, kwa Warusi, miaka mitano ukafundishwe kuuliza kisanduku kinaning'inia wapi.

Kama hapa penye ukuta ni thelathini na nne, Zag penye upepo mtupu ni ngapi? Sitaki kuandika namba. Mwanangu yuko kule, na Nomin ana miaka miwili. Barua hii namwachia jirani ampe mtu wa posta. Ngamia nimeshawafunga mizigo.

Khandmaa


Mji wa Jimbo, 24 Januari 2000

Dada yangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Niliisoma nimesimama.

Nimevitoa vitabu vya Dugar chini ya kabati. Panya, wale wa hapa mjini wasio na utaalamu, wamekula pembe zake, lakini namba zipo. Nimeziweka kando ya fomu zako. Julai na Agosti mnafanana, tofauti nusu nyuzi. Novemba, wiki ileile unayohamia korongoni, mnaachana kwa nyuzi kumi na moja, kumi na mbili, na mnabaki hivyo mpaka Machi. Ni hivyo kila mwaka, miaka kumi na minne. Mlevi hawezi kukosea kwa kipimo kilekile miaka kumi na minne. Mtoto wa shule angeliona jambo hili katika dakika kumi. Mimi sikufungua vitabu vyake kwa sababu sikutaka kuona.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Fomu zako nilikuwa nawaonyesha wageni. Nilisema, tazameni, huyu ni dada yangu, hakusoma zaidi ya darasa la nne, na mkono wake haukosei. Nilimfuta yule mzee kwa sababu namba zake zilikuwa zinakuita wewe mwongo.

Jana, kabla hata barua yako haijafika, nilipewa habari za mifugo inayokufa kusini nikazipuuza. Leo nimepanda redioni. Nimesema nimekosea, nimelisema mara tatu, kwa jina langu. Sijui kama Zorig bado ana betri. Nimeomba gari, nimejibiwa njia imefungwa mpaka mlimani. Nimekaa ofisini na koti, sina kazi ya kufanya, na kila anayepita ananitazama kama anavyotazamwa mtu mjinga, na ana haki.

Niandikie. Nitukane, lakini niandikie.

Jamsran


Kisima cha Bulag, 11 Machi 2000
siku ya mwisho ya tisa ya tisa

Jamsran,

Sarnai yuko hai. Nomin yuko hai, sikio moja limeungua kwa baridi, litabaki na alama. Nimeanza na hao kwa sababu najua umekaa siku arobaini na kitu ukisubiri, na kwa siku nyingi kati ya hizo nilifurahi kwamba unasubiri.

Nilitembea siku nne. Nilipofika hemani kwa Zorig hapakuwa na moshi. Kondoo walikuwa nje wamesimama, migongo kwenye upepo, na nilifurahi kuwaona mpaka nilipomgusa wa kwanza. Walikuwa wameganda wamesimama hivyo hivyo. Nilipita katikati yao wote, nawajua mmoja mmoja, mama na mtoto wake. Nikafungua mlango wa hema huku nimefumba macho, na ndani hapakuwa na mtu.

Dugar alikuwa ameshawachukua siku mbili kabla. Alimwona Zorig hatoi moshi wa kutosha, akaja na ngamia, akamkuta mkweo amelala miguu imekufa ganzi na barua yako bado iko mfukoni. Safari hii mzee hakuuliza ruhusa. Alimfunga Zorig kama mzigo, akamweka Nomin ndani ya koti lake mwenyewe, Sarnai akamfungia kamba kiunoni asipotee kwenye theluji. Zorig amekatwa vidole vyote vya mguu wa kushoto. Habishani tena na mtu. Sikujua kama ningekuja kuukumbuka ubishi wake, lakini naukumbuka.

Dugar anakunywa, ndiyo. Alikunywa mbele yangu asubuhi ile ya kwanza. Kisha akaweka kikombe chini, akatoka kwenye ule upepo, akaenda kwenye mlingoti wake, akarudi akaandika. Ilikuwa arobaini na mbili. Ulipomnyang'anya kipimajoto alibadilisha mbuzi jike kwa kingine, na kwa kuwa humpelekei fomu anaandika nyuma ya karatasi za mifuko ya unga. Ana rundo la miaka minane. Nikamuuliza anamwandikia nani.

"Ofisi ilinifuta mimi," alisema, "baridi haijafutwa."

Hakutaja jina lako. Nilimwambia mimi ndiye yule mpimaji wa korongoni ambaye namba zake zilimfukuzisha kazi. Nilitaka anitukane nami nipumue. Alinimiminia chai tu, akanisogezea jibini kavu, akaniuliza kisanduku nilikuwa nakitundika wapi. Nilipomwambia, alicheka mpaka akakohoa. Hakuna mtu aliyewahi kunidharau kwa haki namna ile.

Kwenye barua yangu ya kwanza nilikucheka wewe na redio yako, ukanicheka mimi na panya wangu, Zorig akatucheka wote wawili, na sote tulimcheka mzee huyu. Mtu pekee aliyekuwa na namba ni yule ambaye hakuna aliyekuwa tayari kumsikiliza. Nimelifikiria sana jambo hilo na sijapata pa kulitupa.

Waliobaki ni kondoo kumi na saba, wale waliowafuata ngamia wa Dugar mpaka kisimani. Hawatoshi kupasha ukuta, kwa hiyo kisanduku chako nimekitoa nyuma ya zizi na kukifunga hapa kwenye mlingoti wa Dugar, mahali pasipo na mtu wala mnyama, kama serikali inavyotaka. Fomu ya Februari hii hapa. Namba ni zake. Nimeziandika mimi kwa kuwa mikono yake inatetemeka, lakini pale penye jina la mpimaji ameandika mwenyewe, ilimchukua muda wa bakuli zima la chai.

Usimwandikie barua ya kuomba radhi, ataitumia kuandikia namba. Mwezi Mweupe ujao njoo mwenyewe, mpe mikono yako miwili chini ya viwiko vyake kama mdogo anavyomwamkia mkubwa, hapa hapa uwandani, kukiwa na upepo. Vaa koti la manyoya, na juu yake uvae jingine. Redioni watakuambia baridi ni ya wastani.

Dada yako,
Khandmaa